Vizibo Vitatu vya Mutsamudu

Jamani, mimi nina aibu moja ambayo kila nikiizika watu wanaifukua, maana tukikaa hapa Malindi ya Unguja kwenye kahawa akapita mtu yeyote kutoka Komoro akaniona, lazima asimame, aninyooshee kidole, aseme "Paa! Paa! Paa!" kisha aende zake anacheka peke yake, na nyie mnanigeukia mnauliza, Msa, yule ana nini, na mimi najifanya kikombe kimeniunguza. Basi leo nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine wakazidisha chumvi. Ndiyo, mimi ndiye niliyeukimbiza mji mzima wa Mutsamudu, wazee na watoto, makuli wa bandarini na vijana wenye bunduki, na sikuwakimbiza kwa bomu wala kwa baruti, niliwakimbiza kwa siki. Siki hii hii ya kutia kwenye kachumbari.

Mimi ni mtu wa Moroni, mtaa wa Magoudjou, nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya wewe ndiye unayesema alhamdulillahi. (Kiswahili hiki nilikipata kwa bibi yangu hapa Unguja, msidhani kule tunazungumza hivi, kule kila kisiwa kina lugha yake na kila kisiwa kinaicheka lugha ya mwenzake.) Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuja kukaa msichana wa Mutsamudu, Zaina, anashona nguo kwa shangazi yake, na sitawachosha na hadithi ya suruali ngapi nilizichana kwa makusudi ili nipeleke zikashonwe. Tukapatana. Mara, mwaka ule wa tisini na saba mnaoujua, kisiwa chao cha Nzuani kikasema kimejitenga, hakitaki tena mambo ya Moroni, Zaina akaitwa nyumbani, simu zikakatwa, na askari wa Moroni wakavuka bahari kwenda kuwarudisha watu kwa nguvu, wakashindwa, wengine hawakurudi. Mimi sikuwa na ugomvi na kisiwa chochote. Mimi nilikuwa na mchumba.

Sasa lazima mjue kitu kimoja, kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia kwa mke, anaingia na sanduku lake na adabu zake, kwa hiyo anayeposa haombi mke tu, anaomba na mlango, na mwenye mlango ni mama mkwe. Nikavaa kanzu yangu nzuri, nikapata nafasi kwenye boti ya mizigo pale bandari ya zamani ya Moroni, nikakaa juu ya magunia, nikatapika njia nzima, nikashuka bandari ya Mutsamudu sina rangi. Aliyenipokea ni Mjomba Saidi, kaka wa mama yake Zaina, msimamizi wa makuli pale bandarini, mtu mpana mwenye kofia iliyodariziwa ambayo haivui hata akiinua mzigo. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Boti hii inarudi Moroni Alhamisi. Dada yangu ana siku nne za kukutazama. Akikukubali, utabaki. Asipokukubali, utapanda, na hutakuja tena, maana mambo yalivyo sijui kama kutakuwa na boti nyingine."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, siku nne na mama mmoja.

Na mama mwenyewe ndiye Bi Hadija. Mfupi, mkavu, hasemi neno ambalo halina kazi. Alizaliwa Majunga, kule Bukini, yaani Madagaska, na mwaka wa sabini na saba Wakomoro walipoondolewa kule baada ya wenzao kuuawa, yeye alirudi na mtoto mgongoni na machupa matatu. Machupa ya kioo, makubwa, tumbo kama boga na shingo nyembamba isiyopitisha hata ngumi ya mtoto, yamesukiwa ukili kote yasivunjike. Masanduku aliyaacha, vitanda aliviacha, machupa aliyapakata. Ndani yake alikuwa anatengeneza siki ya maji ya nazi na ndizi mbivu (siku za mwanzo hunuka tembo, ile pombe ya mnazi, mpaka ukaona haya kupita karibu, lakini ukiiachia inageuka yenyewe, inakuwa siki kali ya kukunja uso), na kwa siki hiyo alifanya achari iliyowalea watoto wake wote. Na wakati ule wa vikwazo vya Moroni siki ya dukani ilikuwa imetoweka, mji mzima ulikuwa unagonga kwake na kichupa mkononi.

Kule kumwamkia mkubwa unasema "Kwezi," naye anakujibu "Mbona." (Nacheka mwenyewe, maana hapa nikimwamkia mtu akanijibu mbona, ningemuuliza mbona nini! Lakini kule ndiyo marahaba yao, ndiyo mtu kakupokea.) Siku ya kwanza nikaingia nimeinama, "Kwezi, mama." Akasema, "Mm." Siku ya pili, "Kwezi, mama." "Mm." Siku ya tatu asubuhi nikaisema kwa sauti ya kwaya, ikatoka "Mm" fupi kuliko za nyuma. Zaina alinichungulia kupitia upenyo wa mlango, akanionyesha kwa kidole, bado siku moja.

Jumatano hiyo Bi Hadija alikuwa anakwenda hitimani kwa jirani. Ndizi zilikuwa zimeiva mpaka nzi wameanza kualikana, na machupa yalikuwa matupu lakini machafu, chini yana mashapo, ubavuni yana utando mzito unaoteleza, na ukiweka siki mpya juu ya uchafu wa zamani inaharibika yote. Brashi ya shingo ndefu haikuwepo, na kama ingekuwepo ingekuwa imekwama Moroni. Nikaruka: "Mama, niachie mimi." Akanitazama. "Utaweza?" Nikamwambia, tena kwa kifua, "Mama, hii kazi ya mkono mmoja." Akanipa maagizo yake, nayo yalikuwa mafupi kama telegramu: "Mchanga wa pwani. Maji. Ziba. Tikisa. Mwaga. Anika." Akaondoka.

Hapo sasa ndipo nilipojichimbia kaburi. Mchanga uko pwani, na kufika pwani lazima upite kizuizi cha wale vijana wenye bunduki, na wale jana yake walinisimamisha wakanitaka niseme neno moja tu wasikie lafudhi, nikalisema, wakajua Moroni hii hapa, wakaniweka juani saa nzima. Nikajisemea, Msa, ya nini tabu? Mfukoni nilikuwa na pakiti ya bikaboneti, ule unga mweupe wa kiungulia (acheni kucheka, si unga mnaoudhani), nimetoka nayo nyumbani kwa sababu ya tumbo la safari. Na rafiki yangu mmoja mpishi wa Moroni aliwahi kuniambia kwamba ukikutanisha bikaboneti na siki, inafura, inachemka bila moto, inang'oa uchafu hata kwenye sufuria iliyoungua. Basi mwanamume nikajiona fundi kuliko mafundi. Nikapandisha machupa yote matatu juu ya dari, kwenye jua, nikagawa pakiti sawasawa, na siki nikachota kwenye mtungi wa Bi Hadija mwenyewe, bakuli tatu, bila ruhusa.

Wacha ifure! Povu lilipanda shingoni likamwagika nje likanilowesha kanzu, nami nikapiga kelele, jamani dawa inapotea bure, na nikakumbuka agizo, "Ziba." Nikaokota vile vizibo vyake vya gome, nikavichomeka, na kwa kuwa vilikuwa vinanisukuma kidole nikachukua mchi wa kinu nikavipigilia. Tatu bin tatu, vimekaa. Nikatikisa kila chupa mpaka mabega yakauma, nikayapanga kwenye jua, nikafurahi, nikashuka kuomba chai. Zaina akaniuliza, "Umeshamaliza?" nikamwambia, "Mke wangu mtarajiwa, akili ni mali." Nakumbuka maneno hayo neno kwa neno, na yeye anayakumbuka zaidi.

Sikuwahi kuonja chai. PAA! Kizibo cha kwanza kikaruka kikatua kwenye bati la jirani, na bati lile likalia kama ngoma, na vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, vya mawe, sauti ikiingia haitoki, inazunguka. Kabla sijaweka kikombe chini, PAA! cha pili. Mtu akapiga ukelele kutoka dirishani, "Wameshuka! Watu wa Moroni wameshuka!" na hapo ndipo kilipotoka cha tatu, PAA! kikubwa kuliko vyote, na pamoja nacho kitu kama kioo kinachopasuka.

Ndugu zangu, mimi nimewahi kuona watu wakikimbia mvua, sijawahi kuona mji ukikimbia. Milango ilifungwa kwa mkupuo, kisha ikafunguliwa tena maana kila mtu amefunga nje mtoto wake au ndani mtoto wa mwenzake, bibi mmoja akapita na godoro kichwani, mwanamume mmoja kabeba kuku wanne kwa miguu na mke wake nyuma anamuuliza na mama yako je, mtu akaanza kugonga pipa tupu kuita watu, na wa mtaa wa pili waliposikia pipa wakadhani ni mizinga, nao wakaanza kukimbia kuja upande wetu, wetu wanakwenda kwao, wakakutana kwenye kona isiyopitisha punda wawili. Kule bandarini makuli walitupa magunia. Ile boti yangu, boti ya Alhamisi, ilikata kamba ikatoka nje kabisa baharini, ikawa nukta. Na Mjomba Saidi, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa gati anahesabu mizigo, alijitupa majini na kofia yake!

Na mimi? Mimi nilipanda darini kuangalia machupa. Ndivyo walivyonikuta vijana wa kizuizi, wanne, wanahema, bunduki zimenielekea: mtu wa Moroni, juu ya dari linaloiona bandari yote, amelowa povu, ananuka tembo, mkononi ana pakiti ya unga mweupe. Woga ulinishika nikasahau kila kitu isipokuwa adabu, nikawaamkia, vijana walioweza kuwa wadogo zangu, "Kwezi! Kwezi! Kwezi!" Mmoja alitaka kunijibu, mwenzake akampiga kiwiko.

Wakaniteremsha mpaka kwenye uwanja mdogo, na mji uliposikia kuna mtu amekamatwa ukarudi wote kuangalia, na godoro na kuku. Mkubwa wa vijana akatoa kitu mfukoni, amekiokota karibu na kizuizi chake, akakiinua watu wakione. Kilikuwa kizibo. "Hii risasi ya aina gani?" Nikasema, "Kizibo, kaka." Akakigeuza. Akakinusa. Akasema, "Milio mitatu. Ulikuwa unampa nani ishara?" Nikasema hapana, nilikuwa naosha. "Unaosha nini kinachonuka ulevi?" Nikasema siki. Watu wakaguna, uuu, siki! Nikajisikia machozi yanakuja, nasema kweli, si kwa sababu ya bunduki, kwa sababu nilimwona Zaina kwenye umati amejifunika uso na leso mpaka macho, nikajua boti imeondoka, na hata kama ingekuwepo mimi hapa sina tena mlango wa kuomba.

Basi umati ukafunguka katikati, akatokea Bi Hadija. Hitimani alikuwa ameacha kiatu kimoja. Alikuwa amepakata chupa kama mtoto, na kwenye mkono mwingine ana kopo la mchanga (ulitoka wapi mchanga huu? Wa mche wake wa ndimu, aliokuwa nao uani siku zote, hakuna aliyeniambia). Hakuniangalia. Akaweka chupa chini mbele ya yule kijana, akatia mchanga, akatia maji, akafunika mdomo wa chupa kwa kiganja, kiganja kitupu, akaishika kiunoni akaitikisa, shwa shwa shwa, ikalia kama kayamba, akainua kiganja akamwaga, na utando wote ukatoka. Chupa ikang'aa. Akainua kile kiganja juu, kila mtu akione.

"Nilimwambia azibe," akasema. "Kuziba ni hivi. Sikumwambia apigilie."

Kisha akamgeukia yule kijana, akanionyesha kwa kidevu bila kunitazama: "Mtu huyu hajui hata kuziba chupa. Huyu ndiye wamtume ujasusi?"

Aliyeanza kucheka sijui ni nani, lakini aliyemaliza ni mji mzima. Hata yule mkubwa wa vijana alijifanya anakohoa, akatia kizibo mfukoni (hajakirudisha mpaka leo). Na katikati ya kicheko hicho akafika Mjomba Saidi kutoka bandarini, anachuruzika maji, kofia imemganda kichwani, kila hatua kiatu kinasema kwaa, kwaa. Watu wakampisha maana yeye ndiye mwenye neno la mwisho upande wa ukoo. Akaelezwa. Akavua kofia, mara ya kwanza watu kumwona kichwa, akaikamua mbele yangu taratibu, akasema, "Tangu ugomvi huu uanze, wewe ndiye mtu wa kwanza wa Moroni aliyetupiga tukacheka." Kisha akasema, "Lakini mimi si mwenye machupa."

Nikalikumbuka chupa ambalo Bi Hadija hakuja nalo. Lilikuwa limebaki juu ya dari, lile la tatu, limepasuka kutoka shingoni mpaka tumboni, ukili ndio umelishikilia lisianguke vipande. Chupa lililovuka bahari mapajani kwake, likapita mwaka ule wa sabini na saba na kila kilichofuata, mimi nimelimaliza kwa uvivu wa hatua mia mbili. Hapo sikuwa na cha kuchekesha. Nilimwambia, "Mama, nisamehe," akasema, "Ndizi zinaoza," akaenda zake nyumbani.

Basi nilichukua ndoo nikashuka pwani. Nikapita kizuizini, na wale vijana badala ya kuniuliza lafudhi wakasema "Paa!" wakaniachia njia. Nikaleta mchanga, nikakaa uani mchana kutwa na yale mawili yaliyobaki, mchanga, maji, kiganja, tikisa, mwaga, mara kumi kila chupa, mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka na siki ikaingia kwenye michubuko nikaimba nyimbo ambazo sizijui. Nikanusa. Hayakunuka tembo wala siki, yalinuka kioo. Nikayaanika midomo wazi kama samaki. Bi Hadija akaja, akainua moja juani, akafumba jicho moja akachungulia, kisha akainua chupa la pili. Mimi nimesimama, kiganja nimekificha nyuma. Nikasema lile ninalolijua.

"Kwezi, mama."

Akaweka chupa chini. Akanishika mkono ule niliouficha, akaugeuza, akaona michubuko.

"Mbona," akasema. "Mbona, mwanangu." Na kutoka nyuma ya mlango nikamsikia Zaina anajipiga kifua kwa furaha.

Boti ilirudi Ijumaa, ikaondoka bila mimi. Siku ya kuingia nyumbani kwa mke wangu nilipita kwenye kile kichochoro na kilemba na joho, uturi mpaka unaumiza kichwa, watu wa dufu mbele, nimejikaza uso kama bwana harusi mwenye heshima zake, na nilipoweka tu mguu wa kulia kizingitini, madirisha yote ya mtaa, na bibi wa godoro, na vijana wa kizuizi, na Mjomba Saidi na kofia mpya, walipiga kelele kwa pamoja: Paa! Paa! Paa! Hata shehe aliyetuozesha ilibidi ageukie ukuta. Nyumba nzima ikaniita Msa Kizibo, na watoto wangu wakienda Mutsamudu likizo wanaulizwa, nyie wa kina Kizibo?

Chupa lililopasuka liko mpaka leo, Bi Hadija alilishonea ukili mpya na analiwekea mchele, na kila nikienda ni lazima nilipite ndiyo niingie. Na mimi nimeapa, tena kwa mkono huu huu, ukinipa chombo nioshe nitakiosha kwa mchanga, kwa changarawe, kwa maganda ya mayai, kwa chochote utakachotaka, na nikiambiwa niende pwani nitakwenda pwani, lakini kizibo sikishiki. Hata soda, jamani. Si mmeniona hapa miaka yote nawapa chupa ya soda mnifungulie nikageuka upande wa pili? Basi mjue sasa ndiyo sababu, na yule anayepita pale barabarani amekwisha kuniona, msimwitikie.